Tochi Ibaki Nyumbani

Dada yangu ana kijiko chake. Hukibeba mkobani, kimefungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na popote tunapokaribishwa, harusini, msibani, kwa jirani aliyejifungua, hukitoa polepole, akakifungua, akala nacho, akakifuta, akakirudisha. Wageni hudhani ni mgonjwa. Sisi tumezoea. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa afisa wa afya, kazi yake kukagua kila mahali panapouzwa chakula katika mji wetu, na mtu aliyeona aliyoyaona yeye hawezi tena kukiamini kijiko cha mwenzake.

Wenye mikahawa walimwita Mama Tochi. Hakuwahi kuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, kwenye mapipa ya taka, akasimama kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akabisha mlango wa jikoni kwa kitako cha tochi.

"Mlango wa mbele ni wa wateja," aliniambia zamani, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo ninayelala kwake. "Ukitaka kuijua nyumba, anza na pipa lake. Halafu choo. Jiko hulisugua wakisikia nakuja. Choo hukisahau."

Koti lake jeupe lilikuwa na magoti ya kijivu kwa kupiga magoti mbele ya majiko ya watu. Alimulika chini ya makabati, nyuma ya magunia, ndani ya mpira wa mlango wa friji. Hakupokea hata soda. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo iliyowatisha, maana mtu anayefoka unaweza kumbembeleza.

Dada alimlea binti yake peke yake, na ubishi wao wa miaka yote ulianzia kwenye aiskrimu. Binti alikuwa na miaka kumi. Mama wa rafiki yake aliwachukua watoto sita kusherehekea siku ya kuzaliwa kwenye duka la aiskrimu lenye viti vyekundu. Walikuwa ndio kwanza wamekaa, na aiskrimu zimefika, mlango wa nyuma ukafunguliwa na dada akatoka jikoni na koti lake na tochi yake. Hakuja kwa ajili yao, ilikuwa zamu ya duka hilo kukaguliwa. Akawaona watoto, akamwona wake. Akasema kwa ile sauti ndogo, "Wekeni vijiko chini." Duka likafungwa mbele ya macho yao. Watoto wengine wakalia. Binti hakulia. Alitembea na mama yake mpaka nyumbani hatua tatu nyuma, na kuanzia siku hiyo, darasani, akaitwa Vijiko Chini.

Mtoto huyo ndiye aliyekua, akasomea uhasibu, akauacha, akajifunza kuoka keki. Mwaka ambao mama yake alistaafu, yeye akakodi chumba kilichokuwa studio ya picha, akapaka kuta rangi ya maziwa, akaweka meza sita. Aliyeletewa habari kwanza ni mimi.

"Mama mdogo, nafungua baada ya miezi mitatu. Nataka mama aje."

"Mwambie basi."

"Nimemwambia. Nimemwambia aje kama mama. Aingie kwa mlango wa mbele, akae kitini, ale, aondoke. Tochi ibaki nyumbani." Akashusha sauti. "Nimemwambia kama hawezi, asije kabisa. Wala asije tena kwangu."

Nilimjua. Alikuwa amerithi sauti ileile ndogo.

Siku mbili baadaye dada alikuja kwangu bila taarifa. Nilikuwa na rundo la mitihani ya chuo ya kusahihisha, miguu yangu kwenye beseni la maji ya moto. Alikaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mdogo wangu," akasema, "nifundishe kula."

Nilidhani anatania. Dada yangu hatanii.

"Sijakula mkahawani tangu nianze kazi. Sijui watu wanafanyaje. Wanakaa tu? Chakula kikija hawaulizi kimetoka wapi?"

"Hawaulizi, dada."

"Wanaangalia wapi?"

Nilifikiri. "Wanaangaliana."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayenukuu jambo asilolielewa.

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi zetu. Nizieleze kwa ukweli: nilikuwa nimechoka. Jumamosi ndiyo siku pekee ninayoweza kulala mpaka jua liingie chumbani. Nina umri ule ambao wazazi wameshaondoka na watoto hawajaondoka, na kila mtu ananiona kama ukuta wa kuegemea. Lakini dada ndiye aliyenilipia chuo kwa mshahara wa kukagua vyoo vya watu. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba una usingizi.

Tuliweka sharti. Tochi nitaibeba mimi, mkobani mwangu. Na kwa kuwa alisema hawezi kuona kosa akalimeza bila kulitoa mahali popote, tukakubaliana kwamba atanifinya mkono chini ya meza, mfinyo mmoja kwa kila kosa, mdomo wake ukae kimya.

Mara ya kwanza tulikwenda wanne: dada, mimi, kaka yetu fundi wa sofa, ambaye hakuna mahali pa chakula asipopajua, na rafiki yangu Nesi, ambaye hula haraka kama watu wote wa wodini. Kaka ndiye aliyechagua mkahawa. Ulikuwa mpya, una vioo kila ukuta, hata ukitafuna unajiona mara nane.

"Leo utakula kuku, Dada," kaka akasema akisugua mikono. "Kuku wa hapa akikupita puani unaweza kusamehe deni."

Tukaagiza. Dada alikaa wima, mikono mapajani, akituangalia usoni mmoja mmoja, kwa kuwa nilimwambia watu huangaliana. Nesi akaanza kujikagua kama ana kitu menoni. Kabla maji hayajafika, mwenye mkahawa akachungulia kutoka jikoni. Akaona. Rangi ikamtoka.

"Mheshimiwa! Karibu. Karibu sana. Mbona hamkutuarifu?"

"Nimestaafu," dada akasema. "Nimekuja kula."

"Bila shaka, bila shaka," akasema yule bwana akirudi kinyumenyume.

Kisha tukasikia jikoni. Kwanza mlio wa ndoo. Halafu brashi. Halafu mtu anaburuta kitu kizito, na mwingine anasema kwa kunong'ona kwa nguvu, "Nyuma ya gunia! Nyuma ya gunia!" Nusu saa. Saa nzima. Harufu ya sabuni ikaja mpaka mezani, lakini ya kuku haikuja.

"Dada," kaka akasema, "wewe hata hujakagua na tayari umetulaza njaa."

"Sijafanya kitu."

"Ndiyo hivyo. Chui akipita kijijini hahitaji kuuma mtu."

Kuku alipokuja alikuwa amekauka kwa kusahauliwa. Dada alikula kipande kimoja, kwa kijiko chake. Mkono wangu wa kushoto uliwaka moto mpaka nyumbani.

"Tisa," akaniambia njiani.

"Kumi na moja. Nilihesabu."

"Mara mbili nilikuwa nafukuza inzi."

"Inzi si kosa?"

Akafikiri kwa dhati. "Basi kumi na moja."

Mara ya pili tulichagua mahali asipojulikana, upande wa pili wa mji, duka la vitu vitamu ambalo vijana hukaa wakipiga picha aiskrimu mpaka ziyeyuke. Nesi alitoka zamu, macho mekundu, akaagiza mbili kwa mpigo. Dada aliagiza ya maziwa, rangi nyeupe. "Nyeupe haifichi kitu," alisema. Nilimwona akikitazama kijiko cha kuchotea, kilicholala ndani ya kopo la maji, na yale maji, na kile kilichoelea juu ya maji. Akanifinya. Akala. Akanifinya. Akala tena. Kila alipomeza alifumba macho.

"Mimi wodini nala mkono mmoja, mwingine umeshika dripu," Nesi akamtania. "Na bado niko hai, Dada."

"Uko hai kwa huruma ya Mungu. Si kwa usafi."

Nesi alicheka mpaka akapaliwa. Dada naye akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja, nami nikaona kwamba wakati mwingine katika maisha yake angeweza kuwa mtu wa kuchekesha, kama angepata nafasi.

Tulirudi kwa miguu, yeye na mimi. Jua lilikuwa kali na viatu vinanibana. Sikuwa na nia ya kumuuliza lolote, ila uchovu hulegeza ulimi.

"Unaogopa nini hasa? Tumbo kuuma?"

Akapunguza mwendo.

"Mwaka wa pili wa kazi," akasema, "nilipewa jiko moja la kukagua. Nilikuwa mjamzito, miguu imevimba kama yako. Lilikuwa la saba siku hiyo. Nilisimama mlangoni, nikaona sakafu imeoshwa, nikasaini. Sikuingia. Sikufungua friji." Akahamisha mkoba bega hadi bega. "Wiki iliyofuata wakauza keki za krimu kwenye sherehe. Watu kumi na wawili walilazwa. Kumi na mmoja walirudi nyumbani."

Miaka yote hiyo sikulijua hilo. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo. Nakumbuka tu kwamba dada alikaa ndani wiki nzima akasema ni mimba.

"Binti anajua?"

"Ajue ili iweje? Alikuwa tumboni. Nimwambie nilichoka kwa sababu yake?"

Nilimshika mkono, na kwa kuwa tulizoea ile lugha ya mikono, nikamfinya mara moja.

Jumamosi ziliendelea. Mkahawa wa samaki, mkahawa wa supu, duka la kahawa lenye keki kavu kama matofali ya kaka yangu ya kuegesha sofa. Mifinyo ikapungua, kutoka kumi na mmoja hadi sita, hadi minne. Mara ya mwisho, kwenye ule wa samaki, alikula samaki mzima, akabakiza mifupa, na akatumia kijiko cha nyumba. Mfinyo mmoja tu. Kaka akapiga makofi. Nesi akatangaza, "Mwanafunzi amehitimu!" na meza za jirani zikageuka. Mimi peke yangu nilimwona alivyokuwa akimeza: kama mtu anayekunywa dawa, anahesabu vijiko vilivyobaki.

Kaka, tulipokuwa tunaagana, alinivuta pembeni. "Haya mafunzo yenu siyaelewi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Yule mtoto angeambiwa tu: mama yako ndivyo alivyo."

"Kamwambie wewe."

"Mimi? Mimi fundi wa sofa."

Siku ikafika. Ilikuwa Jumamosi yenye joto la kukatisha tamaa, lile ambalo hata ukuta wa kivulini una vuguvugu. Nesi alikuwa zamu. Tulikwenda watatu, saa tisa alasiri, dada amevaa gauni la buluu ambalo sijawahi kumwona nalo, na miwani imening'inia kifuani. Tulipofika kwenye kona nilihisi mwili wake ukikata kulia, kuelekea uchochoro wa nyuma, kwenye mapipa. Nikamshika kiwiko. Akajirekebisha. Tukaingia kwa mlango wa mbele.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya friji ya vioo, amefunga kitambaa kichwani na aproni nyeupe kifuani, mikono yake imeshikana. Chumba kilinukia siagi. Kulikuwa na wateja wachache, wanafunzi wawili na mama mmoja na kahawa yake. Kwenye friji, safu ya juu, vipande vya keki ya krimu na kastadi vimepangwa, kila kimoja na ua la krimu juu yake. Ilionekana wazi kwamba hiyo ndiyo keki aliyoioka kwa ajili ya siku hii.

"Karibu, mama."

"Asante, mwanangu."

Walisimama. Dada hakujua mikono aiweke wapi. Miaka yote katika vyumba kama hivi mmoja ulikuwa na tochi na mwingine daftari. Mwishowe akaukumbuka mkoba, akaukumbatia.

Tukakaa. Binti alileta mwenyewe sahani tatu. Alisimama pale, hakwenda, na macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa mama yake. Najua alikuwa anangoja nini: kile kitambaa cheupe. Dada akauweka mkoba sakafuni. Akachukua kijiko cha mezani. Binti akageuza uso upande wa ukuta, akapangusa kitu ambacho hakikuwepo kwenye kiti cha jirani.

Na hapohapo dada akanifinya. Mara moja. Ila safari hii hakuachia.

Nilifuata macho yake. Kwenye friji ya vioo, kona ya chini, kushoto, kioo kilikuwa kinatoka jasho. Tone liliteremka, likafuatwa na jingine. Nikatazama keki iliyokuwa mbele yangu. Ua la krimu lilikuwa limeinamisha kichwa.

Kaka alikuwa tayari ameinua kijiko.

"Weka chini," dada akasema.

"Nini tena?"

Aliziangalia sahani zetu, kisha akamwangalia binti yake. "Nazitaka zote tatu," akasema.

Akavuta sahani yangu. Akavuta ya kaka. "Wewe sukari yako," akanigeukia kwa sauti ya kusikika, "daktari alikukataza." Hakuna daktari aliyewahi kunikataza sukari. "Na wewe, tumbo hilo, huoni aibu?"

Kaka alibaki na kijiko hewani. Binti akacheka. Alicheka kicheko cha mtoto, mkono mdomoni, kicheko nilichokuwa nimekisahau. "Mama! Zote?"

"Zote."

Akala. Alikula kipande cha kwanza mpaka mwisho, na cha pili mpaka mwisho, mgongo umenyooka, mkono wake wa kushoto umeushika wangu chini ya meza kama mtu anayezaa. Hakufumba macho. Cha tatu alikigusa tu, akakisukuma.

"Tamu," akasema. "Nzuri sana. Hizo nyingine zilizobaki, nifungie."

"Zote kumi na moja?"

"Nataka kuwapelekea majirani."

"Majirani gani?" kaka akadakia. "Wewe hujawahi kuwapelekea hata kiberiti."

Nilimkanyaga mguu.

Binti alizifunga kwenye maboksi mawili, kwa utepe. Alimbusu mama yake shavuni, mbele ya wateja. Tulipotoka nilijiona kama mtu aliyevuka mto na mzigo wa mwenzake kichwani. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani tutatafuta pipa mbali, mtaa wa tatu, na siri itabaki kwetu wawili, na Jumatatu nitatafuta namna ya kumwambia binti aite fundi wa friji.

Lakini miguu ya dada ina mazoea ya miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa nabishana na kaka kuhusu mguu wake, na nilipogeuka dada alikuwa ameshakata kona, ameingia uchochoro wa nyuma. Nikamkimbilia. Alikuwa amesimama mbele ya pipa la binti yake mwenyewe, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni.

"Dada, si hapa!"

"Lina mfuniko," akasema, kama hakunisikia. Alikuwa amelifunua. "Limeoshwa. Ona, mpaka chini. Pipa lake zuri."

Akafungua utepe, akaanza kumimina.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Binti alikuwa na miwani ya mama yake mkononi. Ilikuwa imebaki mezani.

Kipande cha mwisho kilikwama kwenye boksi, dada akakigonga, kikaanguka.

"Zote," binti akasema.

"Zote."

"Umekula viwili mbele yangu. Umenicheka."

"Sikukucheka, mwanangu. Nilivyokula nilikula kwa sababu umepika wewe." Dada akafunika pipa taratibu. "Hivi vilikuwa vya watu."

"Vina nini?"

"Friji. Mpira wa mlango, kona ya chini, kushoto. Umechoka. Baridi inatoka."

"Umeona saa ngapi?"

"Nilipokaa."

"Ukanyamaza."

"Uliniambia tochi ibaki nyumbani."

"Nilisema tochi!" Ile sauti ndogo ikapasuka. "Sikusema uache macho! Kila mtu mji huu umemwambia ukweli, mama. Wenye hoteli, wauza chips, mpaka mama wa rafiki yangu. Mimi ndiye wa kudanganywa?"

Alikaa kwenye kreti ya soda, aproni yake imegusa chini, akaziba uso kwa mikono. Kaka, aliyekuwa ametufuata, aliangalia juu, kwenye mabomba. Dada alisimama na maboksi matupu. Nilimwona akitaka kumgusa kichwa, mkono ukaenda, ukarudi.

Halafu binti akainua uso. Ulikuwa umebadilika.

"Kuna waliokula," akasema.

"Wangapi?"

"Wawili. Mzee wa duka la vitabu hapo ng'ambo na mkewe. Walikuja kunipongeza."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro. Ndio nilikuwa nimezipanga."

Dada alihesabu kimoyomoyo, nilimwona midomo ikisogea. "Zilikuwa bado baridi," akasema. "Nadhani hawana shida. Lakini…"

"Lakini niende niwaambie."

"Hilo siwezi kukuamulia. Sikuja na daftari."

Binti alifungua aproni, akaikunja, akampa mama yake pamoja na miwani. Akatoka uchochoroni. Tulimwona akivuka barabara, kitambaa bado kichwani, akiingia mlango wa duka la vitabu kama mtoto anayekwenda kuungama kuvunja kioo.

Tuliingia jikoni. Wateja walikuwa wameondoka. Kaka akageuza kibao cha mlangoni. Dada alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akapiga magoti na gauni lake la buluu. Akaniomba karatasi. Nilimpa ukurasa wa mtihani ambao haukuandikwa kitu. Akaubana mlangoni, upande wa juu, akavuta: ukang'ang'ania. Akaubana chini, kona ya kushoto, akaachia. Karatasi ilianguka yenyewe, bila kuvutwa.

Alibaki anaiangalia pale sakafuni.

Binti alirudi baada ya muda. "Hawajambo," akasema. "Mzee amecheka. Anasema hajawahi kuona mtu anayevuka barabara kwenda kuisema vibaya keki yake mwenyewe." Yeye hakucheka. Alimwona mama yake magotini, akaiona karatasi.

"Tochi iko wapi?"

Nilifungua mkoba wangu. Miezi mitatu niliibeba, ikanichania bitana. Binti akaipokea, akaiwasha, akapiga magoti upande wa pili.

"Nionyeshe," akasema.

"Friji tu?"

"Kila kitu."

Mimi na kaka tukatoka mbele. Nilivuta kiti, nikavua viatu. Kupitia mlango ulio nusu wazi nilisikia sauti ile ndogo ikitaja makabati, bomba, pembe ya sinki. Na baadaye kidogo nikaisikia ikibadilika, ikiwa nzito, inatafuta maneno. "Mwaka wa pili wa kazi," ilisema, "ulikuwa tumboni." Nikainuka, bila viatu, nikauvuta mlango ukafunga.

"Wanaongea nini?" kaka akauliza.

"Kazi."

"Na sisi tunakula nini? Tangu asubuhi sijatia kitu. Nimenyang'anywa keki, nimekanyagwa mguu."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata njaa yake niliisikia kwa mbali.

Walipofungua mlango, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Macho ya binti yalikuwa mekundu na magoti ya gauni la buluu yalikuwa ya kijivu. Binti alileta mkate, ule wa kawaida aliouoka alfajiri, akaukata mezani. Dada alinawa mikono mpaka viwikoni, akaja, akasimama. Hakukaa. Alichukua kipande cha ukingoni, kile kigumu, akatafuna muda mrefu. Binti alimwangalia tu.

"Umeiva," dada akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa, akaenda kuzima taa ya friji.

Asubuhi iliyofuata dada alinipigia simu. Tumbo lilikuwa linamuuma. Si sana, alisema, ameenda chooni mara tatu tu, anakunywa maji ya chumvi na sukari.

"Usimwambie," akaniambia.

Nilikuwa bado kitandani. Ilikuwa Jumapili. "Dada," nikasema, "mpigie mwenyewe."

Nikamsikia akivuta pumzi, kama alivyofanya kila mara kabla ya kubisha mlango wa nyuma.

"Haya," akasema. "Kata, nimpigie."